Barazani kwa Shangazi: Mombasa ina saa zake

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mgeni wa Mombasa asiniulize aende wapi, aniulize aende saa ngapi. Nilidhani nimesema neno dogo. Mhariri amenikabidhi bahasha iliyojaa barua, na nusu yake mwauliza, "Sasa Shangazi, saa ngapi?" Haya. Mahamri ya leo yamekwisha kuuzwa, nimeketi barazani kwangu Kibokoni na kikombe changu, tujibizane.

Shangazi, shikamoo. Mimi na mke wangu tunakuja kwa treni kutoka Nairobi na tutalala siku mbili tu. Hatujawahi kufika Mombasa. Rafiki yangu ametuandikia orodha ya mahali kumi na saba pa kutembelea. Tuanze na papi? – Mume wa mtu, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Hiyo orodha ya rafiki yako ifungieni vitumbua. Mahali kumi na saba kwa siku mbili mtakuwa mwaenda mbio kama watu waliofukuzwa, na mwisho mtakumbuka jasho tu.

Pandeni treni ya asubuhi. Mtashuka Miritini mchana, na Miritini si mjini. Iko bara, nje ya kisiwa, kwa hivyo bado mna safari ya matatu au tuktuk. Bei ya kwanza mtakayotajiwa pale nje ya stesheni msiikubali, hata ya pili. Mkishaweka mizigo na kuoga itakuwa alasiri, nayo ndiyo saa ya Mama Ngina, ule ufuo wa mibuyu ambao wengi bado tunauita Lighthouse. Jua limepoa, upepo umeanza. Ketini kwenye ukuta mtazame mlango wa Kilindini. Meli za makontena hupita hapo karibu sana, hata mwawaona mabaharia wameegemea vyuma vyao, na watoto wa ufuoni huwapungia mikono. Nunueni muhogo wa kukaanga uliokamuliwa ndimu na kunyunyiziwa pilipili. Mwambieni muuzaji atie pilipili kidogo, kisha mmwambie tena, kwa maana kidogo chake si kidogo cha Nakuru. Dafu la kushushia liko hapo hapo. Siku ya kwanza imekwisha.

Siku ya pili amkeni mapema, saa kumi na mbili muwe tayari mko Mji wa Kale. Mahamri yanatoka karaini na mbaazi za nazi ziko moto. Kuleni mpaka mshibe, kwa sababu saa mbili kamili lango la Fort Jesus likifunguliwa nataka nyinyi muwe wa kwanza. Msiibadili saa hiyo. Mwaka mmoja nilimpeleka mgeni wa mpwa wangu Ngomeni saa saba mchana, mtu mzima mwenye kilo zake. Yale mawe ya matumbawe yamekunywa jua tangu asubuhi na sasa yanakutemea. Tulipofika kwenye mizinga akaniambia, "Shangazi, naona nyota." Nikadhani anatania. Tulimkalisha chini ya kivuli tukamwagia maji ya kunywa kichwani, na Ngome hakuiona tena mpaka leo. Huwaambia watu kwamba ni mahali pa kuogofya.

Mkifika asubuhi mtaona kwa macho yenu. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ili wautawale mji na bahari yake. Msikae sana kwenye vyungu vya makabatini. Tafuteni zile picha za meli zilizochorwa ukutani na mabaharia na askari wa Kireno waliokaa humo. Mimi huwa nasimama hapo kila nikienda. Ni michoro ya mtu aliyechoka, aliyeikumbuka meli yake tanga kwa tanga, kamba kwa kamba. Halafu pandeni juu ukutani mwangalie bahari, na mkumbuke kwamba kuanzia mwaka 1696 hadi Desemba 1698 Waomani waliizingira Ngome hii karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi zaidi kuliko risasi. Meli ya Kireno, Santo António de Tanná, ilikuja kuwaokoa ikazama hapo chini mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua katika miaka ya 1970, na vitu vyake vimo kwenye makumbusho. Baadaye Waingereza wakaifanya Ngome jela, tangu 1895 mpaka 1958. Wazee wa hapa mtaani, ukiwatajia Ngome, fikra zao hazirudi kwa Wareno, zarudi kwa jela.

Chukueni vitambulisho, maana kiingilio cha Mkenya ni nafuu kuliko cha mgeni wa nje. Siku hizi hulipwa kwa simu, basi simu iwe na chaji.

Saa sita mpaka saa tisa laleni. Nasema laleni. Mji wenyewe umelala, maduka ya Mji wa Kale yamevuta milango, na mgeni anayezurura saa hizo huona kuta tupu akaenda kwao akasema Mombasa hakuna kitu.

Baada ya Alasiri tokeni kwa miguu. Kutoka Ngomeni ingieni Ndia Kuu. Ndia ni njia kwa Kimvita chetu. Tembeeni polepole mkiinua vichwa, kwa sababu uzuri wa mtaa huu uko juu: roshani za mbao zenye vimiani vya kutazamia bila kuonekana, na milango iliyochongwa maua. Barabara ya Sir Mbarak Hinawy zamani iliitwa Vasco da Gama. Huyo alifika hapa mwaka 1498, hakupata makaribisho, akaenda zake Malindi. Wakoloni wakaja kumpa barabara nzima. Ndipo ulipo msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570, wenye mnara mweupe, mnene chini, umechongoka juu, usiofanana na mnara wowote mtakaouona mjini. Endeleeni hadi Nyumba ya Leven na ngazi zake zinazoshuka mpaka majini. Jina hilo ni la meli ya Kapteni Owen, Mwingereza. Mwaka 1824 Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji huu, walimwomba kinga dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani, naye akawapandishia bendera ya Uingereza bila idhini ya wakubwa wake London. Mwaka 1826 ikateremshwa. Mimi hupenda kuwaza uso wa aliyeteremsha.

Mkishasikia adhana ya Magharibi, tafuteni kahawa. Siku ya tatu ni yenu, mimi nimechoka kuwapangia.

Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa chuo, Dodoma. Nakuja Mombasa na marafiki watatu na mfuko mwepesi. Tumeshakula Forodhani Zanzibar, urojo na kila kitu. Kwenu kuna nini cha kula ambacho kule hakipo? – Mwenye njaa

Mwenye njaa, karibu. Sitashindana na Unguja. Vyakula vyetu ni ndugu, tofauti ni mkono na jina. Urojo wenu hapa utauona kwenye bakuli la viazi vya rojo. Lakini kuna kimoja nataka ukile hapa kwa mara ya kwanza kana kwamba hujawahi kula kiazi, nacho ni viazi vya karai.

Sikiliza vinavyofanywa. Kiazi huchemshwa mpaka kiive lakini kisivunjike, kikamenywa, kikachovywa kwenye unga uliokorogwa mzito wenye chumvi na rangi ya manjano, kikatumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka. Ukipita Mji wa Kale saa kumi jioni utamwona mama amekaa nyuma ya karai, mkono mmoja una upawa na mwingine unafukuza moshi. Usimwambie akufungie. Mwambie akupasulie. Hukitia kisu katikati bila kukigawa, akamimina ukwaju wenye pilipili ndani ya ule mpasuko, akakupa kwenye kipande cha karatasi. Kula umesimama hapo hapo. Ngoja dakika kumi na ganda limekuwa kama kitambaa kilicholowa, na hapo utaniandikia barua kwamba Shangazi mwongo.

Mfuko mwepesi si neno Mombasa, ukijua saa. Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Hamri jema halina mafuta mkononi, likipasuliwa ndani lina uvungu, na harufu ya iliki hukufikia kabla ya kulitia mdomoni. Hamri lililojaa unga ndani kama mkate, huyo mpishi alikuwa na haraka. Mimi huukanda unga usiku kwa tui la nazi zito na kuuacha uumuke hadi alfajiri, na hamira naitia kidogo sana. Ukiona mtu anakanda na kukaanga saa hiyo hiyo, pita.

Mchana tafuteni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Samaki huchomwa kwanza kwa makaa, kisha hupakwa tui lililopikwa kwa ukwaju, pilipili na kitunguu thomu, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Ndiyo maana akaitwa wa kupaka. Anayemwagiwa mchuzi juu mezani ni samaki mwingine. Ikiwa ni Ijumaa, baada ya sala nyumba nyingi na mikahawa mingi hupika biriani au pilau. Nyinyi ni wanne: agizeni sahani mbili mgawane. Hakuna atakayewacheka.

Usiku ni mishikaki na mkate wa mofa. Mkate huo hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri ya udongo, hutoka na alama za moto, na ni mgumu kidogo, haukubali kuliwa peke yake. Ndimu, pilipili, mishikaki ya moto, basi.

Halafu kahawa tungu. Utamsikia muuzaji kabla ya kumwona, anagonganisha vikombe mkononi kwa mdundo wake, na dele la shaba limekalia makaa. Ni chungu, ina tangawizi, na haitiwi sukari. Sukari yake ni kipande cha halua au kashata unachokitafuna pembeni. Usiombe maziwa. Mzee wa jirani yangu aliwahi kuombwa maziwa na kijana wa Nairobi, akamtazama kwa huruma kama aliyefiwa.

Bi Mkubwa, mimi si Mwislamu. Nataka kuja na binti zangu wawili, wa miaka 15 na 17. Naogopa kuwaudhi watu kwa mavazi. Je, tunaruhusiwa kuingia msikitini, na kupiga picha? Na ni kweli kwamba Ramadhani hakufai kuja? – Mama mabinti, Eldoret

Dada yangu, ukiuliza swali hili tayari hutamuudhi mtu. Ufukweni kwa hoteli vaeni la ufukweni. Mji wa Kale ni mtaa wa watu wanaoishi, wana nyanya na wana wakwe, kwa hivyo mabega yafunikwe na gauni au suruali ipite magoti. Hamhitaji buibui. Wafungashe mabinti leso moja moja kwenye mkoba. Jua likizidi ni mtandio, wakiketi ukutani ni mkeka, wakipita mahali wamejiona wako wazi ni vazi.

Msikitini msiingie bila kuomba. Misikiti mingine ya hapa hupokea wageni nje ya nyakati za sala, mingine hapana, na hakuna ubaya kuambiwa hapana. Ukitaka nyumba ya ibada iliyozoea wageni, hekalu la Majain liko Langoni, la mwaka 1963, jeupe kutoka ngazi hadi kilele. Viatu vyavuliwa nje. Mapambo ya dari yake yanataka shingo ya kijana, mimi hunibidi kuketi.

Picha: kuta na milango, pigeni. Watu, ulizeni. Mwanamke aliyekaa kizingitini kwake si pambo la mlango. Bandari ya Kale msipige picha kabisa, imekatazwa, na askari wa getini hana mzaha.

Sasa Ramadhani. Aliyekwambia hakufai alikuja mchana. Kweli, mchana mikahawa ya Mji wa Kale imefungwa na watu wamekauka midomo. Usitafune barabarani, basi. Lakini jitahidi uwe mtaani saa kumi na moja jioni. Meza zinatolewa nje milangoni, kaimati zinamiminiwa shira, sambusa zinapangwa kwa mistari, maji ya ukwaju yako kwenye ndoo zenye barafu, na kila mtu anatembea upesi akitazama saa. Adhana ikilia, barabara inakuwa tupu kwa muda wa tende tatu na kikombe cha uji. Baada ya Tarawehe mji unaamka upya, watoto wako nje mpaka usiku mkubwa. Binti zako hawataamini kwamba ni mtaa ule ule wa mchana. Mwezi ninaousitia mimi ni Mei, kwa mvua: Mji wa Kale ukinyeshewa vichochoro vinakuwa mifereji.

Je, zile Pembe za Ndovu za Moi Avenue ni pembe za kweli? – Mwanafunzi wa darasa la sita, Voi

Hapana, mjukuu wangu. Ni bati la aluminiamu. Zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za watu wa jamaa ya kifalme ya Uingereza, na zikibandikana zafanya herufi M. Hajazaliwa ndovu wa pembe hizo. Piga picha, uvuke barabara kwa uangalifu, uende ukale kitu.

Assalaam alaykum Shangazi. Nilizaliwa Mombasa nikaondoka nikiwa na miaka 9. Sasa naishi Birmingham na nina watoto watatu ambao Kiswahili chao ni "jambo" na "asante". Tunakuja Desemba. Sitaki wauone mji kama watalii. Niwaoneshe nini? – Mwana wa Kuze

Waalaykum salaam, mwanangu, na karibu kwenu. Barua yako niliisoma mara mbili.

Umechagua mwezi mzuri bila kujua, au labda damu yako inajua. Desemba kaskazi imeshika. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Akipakia boriti za mikoko Lamu, akienda nazo Arabuni na kusi, akirudi na kaskazi na tende, mazulia na chumvi. Mimi na ndugu zangu tulizijua pepo kabla ya kuzijua siku za juma. Wapeleke watoto Bandari ya Kale asubuhi, wasimame wavute pumzi. Majahazi yamebaki machache, lakini harufu ya papa mkavu iko pale pale. Waambie wafumbe macho wausikie upepo unatoka upande gani wa shavu. Ndio uliomleta babu wa babu wa nusu ya watu wa mtaa wako. Hawahitaji Kiswahili kuuhisi.

Kisha waanzishe kwa majina, maana majina ya mitaa yetu ni hadithi fupi fupi. Mlango wa Papa. Mwembe Tayari, ambapo wazee husimulia kwamba wapagazi walikutana chini ya mwembe kabla ya misafara kwenda bara. Makadara. Na Kuze kwenu. Waambie kwamba mjini humu aliishi Muyaka bin Haji, malenga aliyezaliwa karibu mwaka 1776 na kufariki 1840, aliyewajibu watu wa Lamu na Unguja kwa mashairi wakati Wamazrui wanapigania mji. Mchukue mkubwa wao, mpigishe makofi mizani kumi na sita za mstari, nane na nane. Mtoto anayejua kurapu ataelewa mara moja nini kinaendelea, pengine atakushinda.

Muziki ni mgumu zaidi. Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014, Zein l'Abdin na udi wake mwaka 2016, na taarabu ya aina yao haikai ukumbini kumngoja mgeni akate tikiti. Iko harusini. Waandikie jamaa zako leo, uliza nani anaoza Desemba. Mombasa Desemba haikosi harusi. Wanao watakaa kwa wanawake au kwa wanaume, watapakwa hina, watalishwa na mtu wasiyemjua anayewaita kwa jina la bibi yao. Sina kumbukumbu nyingine ya kuwapa yenye thamani hiyo.

Feri ya Likoni usiisahau. Wa miguu halipi. Lakini usiwapandishe saa kumi na moja jioni, hapo ni wafanyakazi wanarudi makwao kusini na watoto watapotea kwenye magoti ya watu. Jumapili asubuhi, mvuke mwende na kurudi, kwa starehe ya kuvuka tu. Wanunulie mabuyu ya rangi kwenye karatasi. Ndimi zao zikigeuka nyekundu wapige picha uwatumie walimu wao.

Na nyumba mliyokaa, nenda mwenyewe kwanza. Peke yako, asubuhi. Huenda ina wenyewe wengine, huenda imekuwa ghorofa sita. Uhuzunike ukiwa peke yako, ndipo uwapeleke.

Shangazi, ninalalamika. Nje ya Ngome kijana mmoja alijifanya mwongozaji, akatuzungusha, kisha akadai pesa mara tatu ya tulizopatana. Huu ndio ustaarabu wenu? – Aliyekasirika, Thika

Pole sana. Si ustaarabu, ni wizi wa mdomo, na unatuaibisha sisi tuliobaki. Mara nyingine omba kuona kitambulisho cha kazi, mpatane bei ya kundi zima wala si ya kichwa, mpatane na muda, na upatane mbele ya mtu wa tatu. Muuza dafu anatosha. Ukidaiwa zaidi, rudi kwa muuza dafu huyo. Muongo wa hapa hampendi shahidi wa hapa.

Shangazi, nisaidie haraka. Mwaka jana nilipita Biashara Street nikamnunulia mama mkwe leso nzuri sana, nyekundu na nyeusi. Alipoifungua alinyamaza, akaikunja, na tangu siku hiyo hanipi chai. Mke wangu anacheka tu, hataki kunieleza. Nakuja tena mwezi ujao. Nifanye nini? – Mkwe aliyechanganyikiwa, Machakos

Kwanza niache nicheke na mimi. Haya.

Leso, mwanangu, ina pindo pembeni, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina. Wewe ulitazama pindo na mji. Jina hukulisoma. Ulimnyamazisha mama wa watu, kwa hivyo nakisia ulimpelekea ile isemayo "Hata ukinichukia la kweli nitakwambia", ambayo mwaka ule ilikuwa imejaa kila duka. Hiyo ni leso ya wake wenza na majirani waliogombana. Mama mkwe akiipokea kutoka kwa mkwewe mwanamume, ameshaambiwa kila kitu.

Neno lenyewe leso latokana na Kireno, vitambaa vya mkononi vilivyoungwa vikawa nguo moja. Ndiyo faida moja niliyoiona ya wale watu wa Ngomeni. Na Biashara Street ndiko kwao kwa kweli. Duka la Kaderdina lauza leso tangu mwaka 1887, na ukiona "Mali ya Abdulla" ukingoni, wanawake wa pwani nzima wanajua yatoka wapi. Nenda asubuhi saa tatu, kabla ya wateja wa jumla. Usiwaze rangi kwanza. Mwambie muuzaji, "Nampelekea mama mkwe, na nimekosa." Muuzaji wa leso amesikia mengi kuliko kadhi, atainama chini ya meza akutolee. Ukipata "Nani kama mama" chukua bila kujadili bei sana.

Leso huuzwa mbili kwa kipande kimoja. Usimpelekee hivyo, utaonekana umeinunua ukikimbia. Nje ya duka, barazani, wamekaa mafundi na vyerehani vyao vya miguu. Mpe fundi mmoja. Ataikata katikati kwa mkasi mara moja tu, bila kupima, akazikunja kingo kwa kidole gumba huku mguu unapiga, na kabla hujamaliza kikombe cha kahawa zote mbili zimepindwa. Zikunje pamoja, ufungie na halua, uende.

Ile ya kwanza usimwombe akurudishie. Keshaiweka sandukuni, na siku utakapomkosea binti yake utamkuta uani amejifunga hiyo hiyo, jina limekaa sawasawa nyuma, anachambua mchele huku amekupa mgongo usome.